Tabitha Wawili

Mwezi uliopita nilifungua kabati la mzee mmoja ninayemhudumia hapa Columbus, nikitafuta shuka safi, na harufu ya vidonge vya kufukuza nondo ikanijia usoni, imechanganyika na harufu ya karatasi za zamani. Nilibaki nimeshika mlango wa kabati. Mzee akauliza kama shuka zimekwisha. Nikamjibu kwamba zipo, lakini akili yangu haikuwa pale. Nilikuwa na miaka kumi tena, nimekaa kwenye kiti kirefu, miguu haigusi sakafu, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya matofali huko Kenmore, nikisoma kwa sauti majina ya watu waliokufa.

Mwenye nyumba aliitwa Bi Lorna. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimhudumia: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa, kumshika mkono kwenye ngazi. Baba alifanya kazi kiwandani Tonawanda. Tulikaa East Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, na hiyo ilikuwa nyumba yetu ya tatu tangu tufike Marekani. Kwanza tulipelekwa Louisville, ambako sikumbuki kitu zaidi ya zulia la kijani. Tukahamia Columbus, kwa kuwa binamu yake Baba alikuwa huko, kisha Buffalo, kwa kuwa binamu huyo alisikia kuna kazi. Kabla ya yote hayo ilikuwa kambi, mkoani Kigoma, ambako wazazi wangu, Warundi, walikulia, na ambako nilizaliwa. Ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili, ingawa mimi mara nyingi nilijibu kwa Kiingereza. Kanisani waliniita Neema, jina la ubatizo. Jina langu la kuzaliwa, Butoyi, lilibaki kwenye makaratasi na kinywani mwa Mama.

Shule zilipofungwa kiangazi kile Mama hakuwa na mtu wa kuniachia, na Bi Lorna mwenyewe ndiye aliyesema nije. Alinihitaji. Macho yake yalikuwa yakififia kuanzia katikati, hata akikutazama usoni alikuwa anaona masikio yako tu, na siku nyingine alikuona mara mbili. Alikuwa na masanduku ya karatasi asizoweza kuzisoma tena, na Kiingereza cha Mama kilikuwa cha dawa, chakula na choo.

Kwa miaka yote ya ujane wake Bi Lorna alikuwa akimtafuta babu mmoja wa zamani sana, Ephraim, aliyefika upande huu na gari la kukokotwa na ng'ombe wakati Buffalo ilikuwa bado msitu na vibanda vichache. Kulikuwa na chama cha watu waliotokana na walowezi wa kwanza, na hakikumpokea mtu mpaka aonyeshe kwa maandishi, kizazi baada ya kizazi, kwamba damu yake imetoka kwao. Mama yake Bi Lorna alijaribu akashindwa, akafa na kinyongo hicho. Bi Lorna alikuwa amepanda mpaka kwa Tabitha, nyanya wa nyanya yake. Kilibaki kiungo kimoja tu, kuthibitisha kwamba Tabitha huyo alikuwa binti wa Ephraim.

Majina yale niliyajua. Ephraim, Asa, Ketura, Dorkasi, Tabitha: wote walikuwa kwenye Biblia ya Mama. Kwa hiyo kwa wiki mbili za kwanza niliamini kwamba watu wa Biblia walipomaliza mambo yao kule kwao walihamia Buffalo, wakakata miti, wakafuga nguruwe, wakafa kwa homa. Sikumwuliza mtu. Lilikuwa jambo la kawaida kwangu, maana sisi pia tulikuwa tumetoka mbali.

Namna tulivyofanya kazi ilikuwa hivi. Mimi nilisoma jina na Bi Lorna akarudia kwa sauti ya chini, midomo ikigusana polepole, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kusema, “Mwingine.” Ule unyamavu ndio ulionitisha. Nyumba nzima ilikuwa kimya, madirisha yamefungwa kwa ajili ya joto, Mama yuko jikoni, na mimi niliona kama Bi Lorna anawapa watu wale nafasi ya kuitika.

Siku moja nilisoma ukurasa ulionakiliwa kutoka Biblia ya familia ya Ephraim, ambamo watoto wake waliandikwa mmoja chini ya mwingine. Tabitha alikuwepo mara mbili. Nikamwambia Bi Lorna kwamba mwandishi amekosea.

“Hakukosea,” akasema. “Wa kwanza alikufa akiwa na miaka saba. Baadaye akaja wa pili, wakampa jina lile lile.”

“Ni yule yule amerudi?”

Bi Lorna alicheka kidogo puani. “Mama yake angependa iwe hivyo.”

Mimi nilielewa kwamba ndiyo. Na kulikuwa na ushahidi. Mbele ya jina la Tabitha wa kwanza waliandika siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Mbele ya wa pili hawakuandika kitu, na hilo ndilo pengo lililomsumbua Bi Lorna. Lakini kwangu mimi lilieleweka vizuri kabisa: mtoto aliyerudi hazaliwi mara ya pili, kwa hiyo hana siku ya kuandika.

Ukutani kwenye ngazi kulikuwa na kitambaa ndani ya kioo, ambacho wasichana wa zamani walijifunzia kudarizi. Kilikuwa na herufi zote, na chini yake jina la Tabitha. Kuanzia A mpaka M zilishonwa kwa uzi wa buluu, mishono midogo iliyonyooka. Kuanzia N uzi ulikuwa wa kahawia, na herufi zilikuwa kubwa, zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua. Bi Lorna alinieleza kwamba wa kwanza alifika M akaugua, na wa pili akaja kumaliza. Choo kilikuwa juu. Tangu siku ile nilipanda ngazi zile nimefumba macho, mkono ukipapasa ukuta wa upande wa pili.

Siku nyingine mvua ya radi ilinyesha mchana na chumba kikawa na giza. Nilisimama karibu na taa kutafuta karatasi iliyoanguka. Bi Lorna akageuza uso kwangu na kusema, kwa upole tu, kama mwalimu, “Kaeni chini nyote wawili, mnanizibia mwanga.”

Nilikuwa peke yangu. Nilikaa chini.

Leo najua ni macho yake. Nahudumia wazee wenye ugonjwa kama ule na nimezoea. Lakini siku ile sikumwambia kwamba niko mmoja, na sababu ya kutomwambia ni kwamba nyumbani pia nilisemeshwa hivyo. Tangu nilipoanza kusikia maneno, Mama aliniita kwa wingi. Asubuhi alisema, “Amkeni, mtachelewa shule.” Mezani alisema, “Kuleni kabla hakijapoa.” Tukifika mlangoni mwa nyumba mpya, alitangulia yeye, akawasha taa, akageuka na kusema, “Haya, ingieni.” Nilikuwa mtoto wake pekee. Nilidhani ndivyo akina mama wanavyosema. Watoto wa Kikongo kanisani ndio waliogundua kwamba si hivyo, wakanicheka. Mmoja wao aliniuliza, “Muko bangapi kwenu?” Nilimjibu kwamba tuko watatu, Baba, Mama na mimi, nikaenda zangu.

Kiangazi kilipofika katikati, Bi Lorna alitaka kunilipa fadhila. Akaniagiza nichukue karatasi kubwa ya mchoro kama ile yake, yenye visanduku vinavyopandana, tuandike ukoo wangu. Nilimwita Mama aje atuambie majina. Alikuja akijifuta mikono, akataja mababu wa pande zote mbili, nami nikaandika. Tulipofika kwenye kisanduku cha chini, Bi Lorna aliuliza jina alilomsikia Mama akiniita nalo maana yake nini. Mama alisema, “Mwambie ni mdogo.” Nikatafsiri.

Bi Lorna alikuwa mtu wa kuuliza swali la pili. Ilikuwa ndiyo kazi yake. “Mdogo kuliko nani?” akauliza.

Nilitafsiri hilo pia. Mama aliacha kufuta mikono. Alitazama karatasi, kisha mlango, na kitu usoni mwake kikajifunga. “Mwambie ni jina tu,” akasema, akarudi jikoni. Nami nikamwambia Bi Lorna kwamba ni jina tu. Ninyi mliokua kama mimi, mkiwatafsiria wazazi wenu hospitalini na shuleni, mnajua jinsi uongo wa mtu mzima unavyokuwa mzito ukipita kinywani mwako.

Bi Lorna hakuliachia swali lake. Alikuwa na mwanamke wa maktaba ambaye alimsaidia kwa simu, na siku chache baadaye alinipokea amekaa wima, amefurahi kama mtu aliyepata kaburi alilokuwa akilitafuta. Mama alikuwa bado anavua viatu mlangoni.

“Mtoto,” akaniambia, “nimeuliza. Kwenu jina la Butoyi anapewa pacha anayetoka wa pili. Wa kwanza huitwa Bukuru. Sasa niambie, Bukuru yuko wapi?”

Hakukusudia ubaya. Kwake yeye kila mtu wa zamani alikuwa jina kwenye sanduku, na jina likipatikana ni siku njema. Lakini mimi niliogopa. Niliwaza mtoto wa buluu na mtoto wa kahawia. Niliwaza kaeni, ingieni, kuleni. Bi Lorna alituona wawili, Mama alituita wawili, na aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu. Sikuuliza kama Bukuru amekufa. Nilichojiuliza ni kwa miaka mingapi amekuwa akikaa na njaa.

Kuanzia siku hiyo nilianza kumgawia. Nilikata ugali katikati, nikala nusu yangu, nusu nyingine nikaisogeza ukingoni mwa sahani. Mkate nilimega, maziwa nilibakiza. Kitandani nililala ukutani kabisa. Kwenye basi nilijibana dirishani. Mama aliona nakonda, akanipeleka kupimwa, wakasema sina ugonjwa. Baada ya wiki mbili nguo zilianza kunivuka mabegani na magoti yakawa yanatetemeka kwenye ngazi.

Jumamosi moja mchana Baba alikuwa nyumbani, tumekaa mezani watatu. Mama alitazama nusu ya samaki iliyobaki kwenye sahani yangu, imetengwa vizuri, miba imeondolewa. Akaniuliza kwa nini sili.

“Hiyo si yangu,” nikasema. “Ni ya Bukuru.”

Baba aliweka kijiko chini. Mama hakupiga kelele. Alinyanyuka, akazunguka meza, akanishika mabega kwa nguvu mpaka nikaumia, na kuniuliza kama Bukuru ameniita, kama amesema niende naye popote. Nilimwambia hajasema kitu, jina nimelisikia kwa Bi Lorna, ila namwona Mama akimkaribisha na hampi chakula. Mama aliniachia, akaenda chumbani, akafunga mlango. Baba alisema taratibu kwamba yeye alitaka niambiwe tangu Columbus.

Jumatatu Mama alipanda basi kwenda Kenmore akiwa na ufunguo wa Bi Lorna mkononi, tayari kuurudisha. Alisimama chini ya ngazi, mkoba begani, hakuvua viatu, akaniambia nitafsiri kila neno bila kupunguza. Akasema kwamba alikuja kuhudumia mwili wa mzee, hakuja kuchimbuliwa. Kwamba lile jina alilifunga kinywani miaka tisa ili mtoto huyu aishi, na mzee amelifungua kama mtu anayefungua bahasha. Niliyasema yote kwa Kiingereza, nikimtazama Bi Lorna, nikisema “mimi” mahali pa Mama.

Bi Lorna alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Aliomba radhi, mara moja tu, kwa maneno mafupi. Kisha akageuza uso kwangu, nami nikajua swali la pili linakuja.

“Muulize mama yako,” akasema, “yule mwingine alikuwa mtoto wa namna gani.”

Nilidhani Mama ataondoka. Alitikisa kichwa, akashika kitasa cha mlango, na kwa mgongo wake, bila kugeuka, akajibu. “Mkorofi,” akasema. “Alinyonya la kwake akafuata na la mwenzake.”

Na hapo maneno yakatoka. Mama alikaa kwenye ngazi ya chini, chini ya kile kitambaa, akasimulia, na mimi nikatafsiri sentensi kwa sentensi. Nilisema: nilikuwa na wawili, wa kike, wanafanana mpaka baba yao akawafunga nyuzi mkononi. Nilisema: walianza kutembea katika wiki moja, yule mkubwa akimvuta mdogo. Mvua zikaja na wote wawili wakaanza kuhara. Yule mwenye nguvu ndiye aliyekufa, mchana, mgongoni kwangu, nikiwa kwenye foleni ya zahanati, na sikujua mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yangu aliponiambia. Nilisema: yule mdogo akakataa titi. Wanawake wa kambini wakaniambia aliyetangulia anamwita mwenzake. Nisimtaje jina mbele yake, asije akamfuata. Ila nisimfukuze pia, asije akakasirika. Basi nikawa nawaita wote. Nilisema: huyu aliyebaki ndiye mdogo, na sijawahi kumwambia.

Nilipofika hapo niligundua kwamba nimesema “huyu aliyebaki” nikijielekezea kidole kifuani.

Bi Lorna alikuwa akilia bila sauti. Mama akaniuliza kama nimesema yote. Nikasema yote. Akashusha mkoba begani, akavua viatu, akaenda kumtengenezea uji.

Jioni ile tulirudi kwa basi. Kituo chetu kilipofika Mama alinyanyuka, akanigusa bega na kuniambia, “Shuka.” Neno moja, la mtu mmoja. Nilisimama lakini sikuweza kutembea. Niligeuka nikatazama kile kiti tulichokiacha, cha plastiki ya buluu, kitupu, na nikahisi nimemwacha mtoto ndani ya basi. Mama alirudi akanishika mkono. Nililia njia nzima, naye hakuniambia ninyamaze.

Nikaanza kula. Nusu ya pili ilinichukua siku nyingi kuizoea, kila tonge lilikuwa kama la wizi.

Karibu na shule kufunguliwa, Bi Lorna alipokea barua aliyoisubiri kutoka kanisa la zamani huko mashariki alikotoka Ephraim. Niliifungua na kuisoma. Mtunza kumbukumbu aliandika kwamba wamepata barua ya mke wa Ephraim kwa dada yake. Ndani yake alisema Mungu amemtwaa Tabitha wao, na kwamba majira ya kuchipua kwa majani walimchukua yatima wa majirani waliokufa kwa homa, msichana wa miaka kama ile ile. Jina lake la awali hakuna aliyelijua vizuri. Wakamwita Tabitha.

Bi Lorna aliniambia nisome tena. Nikasoma. Bi Lorna hakuwa damu ya Ephraim. Alikuwa damu ya watu wasiojulikana waliokufa kwenye kibanda msituni, na chama kisingempokea kamwe. Niliogopa kwamba ataanguka. Alinyanyuka mwenyewe, akapapasa mpaka kwenye ngazi, akaweka viganja viwili juu ya kioo cha kitambaa, upande wa uzi wa kahawia.

“Hata kushona walikuwa hawajamfundisha,” akasema. “Wakampa sindano ya marehemu.”

Kisha akaniambia nichukue mchoro wake mkubwa na kuandika mambo kama yalivyo. Nilimwuliza kama kweli anataka nifute ile mistari ya penseli inayoelekea kwa Ephraim. Akasema nifute. Nilifuta, na vumbi la kifutio nikalipuliza mbali na uso wake. Hakuandika maombi kwa chama, wala sikumsikia akimtaja Ephraim tena. Alifariki majira ya baridi ya mwaka uliofuata, Mama akiwa kando yake.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili moja baada ya kanisa, Mama alimpigia kaka yake aliyebaki Kasulu. Kambi yetu ilikuwa imefungwa zamani. Mama alimwomba mjomba aende mpaka pale palipokuwa makaburi ya watoto, nyuma ya zahanati, karibu na mti uliopigwa radi, akaangalie. Mjomba alichukua wiki tatu kujibu. Alipopiga simu, Mama aliiweka mezani, sauti juu, ili Baba na mimi tusikie.

Mjomba alisema amefika. Alizunguka sana. Mti hakuuona, zahanati imebaki msingi tu, na pale kwenye makaburi hakuna alama yoyote. Ni shamba la watu sasa. Wamelima mihogo.

Baba alifunika macho. Mimi nilimtazama Mama, nikingoja avunjike. Alikuwa ameinamia simu, mikono miwili mezani kila upande wake, kama mtu anayeota moto.

“Imestawi?” akauliza.

Mjomba akasema ndiyo, dada, imestawi sana. Mingine imempita kimo.

“Basi,” akasema Mama.